Swali la mmiliki wa tatu

Gari lilikuwa limelala.

Halikugongwa wala halikupinduka. Lilikuwa pale pale lilipoegeshwa jana yake, ila upande wa mbele kushoto ulikuwa umeshuka mpaka bodi ikakaribia kukalia tairi, kama ngamia aliyepiga goti moja na kugoma kuinuka. Rafiki yangu alilizunguka bila kusema neno. Fundi alipofika hakuhitaji hata kufungua boneti.

"Bosi, shokapu ya upepo imepasuka," alisema. "Na ukibadilisha hii, jiandae na ya upande wa pili."

Kisha akataja bei.

Chapa ya gari lile siitaji, na haina umuhimu, kwa sababu chapa kadhaa kubwa zinaweza kukufanyia jambo hilo hilo. Lilikuwa gari la kifahari hasa: ngozi safi, mbao halisi kwenye dashibodi, mlango ambao ukiufunga unausikia uzito wake. Alilinunua akiwa mmiliki wake wa tatu, kwa fedha ambazo zingemtosha gari dogo jipya la kawaida, na siku ya kununua hesabu ilionekana nzuri kabisa. Fundi alipoondoka, akanigeukia: "Sasa kaka, ningechukua chapa gani? Wewe ndiye unayeyafuatilia haya."

Sikumjibu pale pale. Majuma yaliyofuata swali lile lilinikaa kichwani, nikiendesha, nikisoma, nikizungumza na mafundi. Kila jibu nililolipanga lilianza na jina la chapa, na kila jina nililibonyeza kidogo tu likapasuka.

## Orodha humuuliza mtu wa kwanza

Wengi wetu huanzia kwenye orodha za uimara. Lexus, chapa ya kifahari ya Toyota, juu, Land Rover chini, Wajerumani wakipishana katikati. Mpangilio huo haujabadilika sana kwa miaka mingi, na sina ugomvi nao kwa kile unachokipima.

Tatizo ni kile unachokipima.

Utafiti wa uimara wa J.D. Power wa Marekani huwauliza wamiliki wa kwanza wa magari yenye umri wa miaka 3 matatizo waliyoyapata katika miezi 12 iliyopita, kisha huhesabu matatizo kwa kila magari 100. Simu kukataa kuungana na redio ni tatizo moja. Giaboksi kufa ni tatizo moja. Katika miaka ya karibuni malalamiko mengi yametoka kwenye skrini, simu na sauti, kuliko kwenye injini yenyewe.

Sasa ifikirie shokapu ya upepo. Ni mfuko wa raba uliojazwa hewa, na raba huchoka kwa umri hata kama gari halitembei sana. Mwaka wa 3 inafanya kazi vizuri ajabu. Inalipitisha gari juu ya mashimo kama hayapo. Mwaka wa 10 inapoanza kuvuja, yule aliyejaza fomu ya utafiti ameshaliuza gari zamani na yuko ndani ya jingine jipya. Majibu yake yalikuwa ya kweli. Ni kwamba yalihusu gari tofauti na hili lililolala leo.

Consumer Reports, nayo ya Marekani, huwauliza wanachama wake kuhusu magari ya umri mbalimbali, na hapo picha hupanuka. Lakini hata hivyo kinachobaki kichwani mwa msomaji ni alama ya chapa nzima, kana kwamba kila gari lenye nembo ile lilizaliwa siku moja.

## Nembo moja, injini mbili

Chukua BMW. Injini yake ya dizeli ya N47, iliyoanza kutumika 2007, ina cheni ya taimingi, ile inayopanga wakati wa vali kufunguka na kufunga, iliyowekwa nyuma, upande wa giaboksi. Cheni hizo zilipata sifa mbaya ya kuchakaa mapema, na mahali zilipowekwa pamefanya kazi ndogo iwe kazi kubwa. Mwaka uliofuata ikaja N63, injini ya V8 (silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V) ambayo tabo zake mbili, zinazosukuma hewa ndani ya injini, zimekaa katikati ya V, mahali ambapo joto halina pa kukimbilia. Sili za vali zikakauka, injini zikaanza kula oili, na BMW yenyewe ikaanzisha mpango maalumu wa kuwahudumia wenye magari hayo nchini Marekani.

Ukiishia hapo utasema BMW si ya kugusa.

Halafu unakutana na B58: silinda 6 kwa mstari mmoja, lita 3, tabo moja, sokoni tangu 2015. Ni injini ambayo hata mafundi wasioipenda BMW huizungumzia kwa heshima. Na Toyota ilipoirudisha Supra mwaka 2019, injini iliyoichagua kwa toleo kuu ilikuwa hiyo hiyo. Kampuni ambayo jina lake limekuwa kipimo cha uimara duniani iliweka nembo yake juu ya boneti inayofunika kazi ya BMW.

Hapo nilisimama kwa muda mrefu. Kama Toyota inaweza kuiamini injini moja ya BMW, na BMW yenyewe ililazimika kuwabembeleza wateja wa nyingine, basi neno "BMW" linanieleza nini hasa?

Ukianza kutazama hivyo unaona mipaka ya chapa ikiyeyuka kila mahali. Giaboksi ya gia 8 ya kampuni ya Kijerumani ya ZF iko ndani ya BMW, Audi, Jaguar, Land Rover, hadi Bentley na Rolls-Royce. Range Rover ya sasa, gari la Land Rover, ikiwa na V8 hupewa injini hiyo na BMW. Watu wanaogombana kuhusu nembo mara nyingi wanaendesha giaboksi moja.

Mercedes-Benz nayo ina nyuso zake. Modeli ya W123, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi miaka 10 baadaye, ilitoka karibu magari milioni 2.7, na ndiyo iliyojenga heshima ambayo nembo ya nyota inaitumia hadi leo. Dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliiendesha 240D yake, ya kizazi kilichoitangulia W123, kilomita milioni 4.6 kabla ya kuikabidhi kwa makumbusho ya Mercedes mwaka 2004. Lakini kampuni hiyo hiyo, katikati ya miaka ya 1990, ilitoa magari ambayo maganda ya nyaya za injini yalimeng'enyuka kwa joto, na E-Class iliyofuata, W210, ikawa maarufu kwa kutu.

Hata hadithi ya Mgiriki niliitilia shaka kidogo. Alikuwa akibadilisha injini njiani, na alilitunza gari lile kwa nidhamu ambayo wachache wetu tunayo. Tena W123 tunazoziona leo ndizo zilizopona. Zile mbovu zilishakuwa vyuma chakavu kabla wengi wetu hatujajua kuendesha. Ukiwasikiliza wazee wa Mercedes unasikia habari za waliosalia peke yao.

## Lexus huchelewa

Basi kwa nini Lexus inakaa juu, karibu kwa kila kipimo, muongo baada ya muongo? Sikuridhika na jibu la "Wajapani ni makini". Wahandisi wa BMW kule Munich na wa Mercedes kule Stuttgart ni makini pia.

Mwaka 1983 Eiji Toyoda, mwenyekiti wa Toyota, aliwauliza watu wake kama wanaweza kutengeneza gari la kushindana na yaliyo bora duniani. Jibu lilikuja 1989: LS 400. Mhandisi wake mkuu, Ichiro Suzuki, alijiwekea malengo yanayopingana. Gari liwe na kasi kubwa, lakini linywe mafuta kidogo. Liwe kimya, lakini jepesi: kelele isifunikwe kwa mablanketi ya kuzuia sauti tu. Ishughulikiwe pale inapozaliwa. Vipande vya injini vichongwe kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba mtetemo usiwepo tangu mwanzo.

Nadhani siri kubwa iko hapo. Ukimya uliomfurahisha mnunuzi wa kwanza katika chumba cha maonyesho na uimara uliomwokoa mmiliki wa tatu vilitokana na uamuzi mmoja. Kipande kisichotetemeka hakichoki upesi. Anasa ya LS 400 ilikuwa ndani ya chuma, kwa hiyo haikuisha ngozi ilipochakaa. LS 400 moja ya 1996 ilivuka maili milioni moja nchini Marekani.

Lile gari halikuwa kamilifu. Desemba 1989, miezi michache tu baada ya kuanza kuuzwa, yaliitwa magari takribani 8,000 kwa marekebisho. Watu wa Lexus wakayafuata kwa wenyewe, wakayatengeneza, wakayarudisha yakiwa yameoshwa. Kampuni changa iligeuza aibu kuwa sababu ya kuaminiwa.

Sababu nyingine haina mvuto wa kusimuliwa lakini ina uzito sawa: Lexus huchelewa kwa makusudi. GX 460 ilikaa na V8 yake ya lita 4.6 isiyo na tabo kuanzia 2009 hadi 2023. Waandishi wa magari walisema limezeeka, na walikuwa sahihi. ES kwa miaka mingi imechangia msingi na Toyota za kawaida kama Camry, na V6 yake ya lita 3.5 ilitumika kwenye Toyota nyingi ambazo hakuna anayeziita za kifahari. Wenye kiburi cha nembo huona hilo ni dosari. Mimi naliona kwa jicho la mtu anayetafuta spea: injini hiyo fundi ameshaifungua mara nyingi, anajua kinachoharibika kwanza, na kipuri kinapatikana bila kukiagiza kama dawa adimu.

Na Lexus ilipoacha kuchelewa? Mwaka 2024 Toyota iliyaita magari takribani 102,000, Tundra na Lexus LX, kwa sababu mabaki ya uchongaji yalikuwa yamebaki ndani ya injini mpya ya V6 yenye tabo mbili, iliyochukua nafasi ya V8 ya zamani. Toyota ilisema kosa lilikuwa la kiwandani, si la mchoro wa injini. Hata hivyo lilinifunza kutolisujudia jina. Anayenunua LX mpya kwa sifa za LX ya zamani ananunua sifa za injini ambayo haimo tena ndani.

## Muundo ninaoupenda na muundo ninaouogopa

Kwenye sura za magari nina upande, na sitauficha. Kwangu hakuna aliyewahi kuielewa fahari kuliko Bruno Sacco, Mwitaliano aliyeongoza muundo wa Mercedes kuanzia 1975 hadi 1999. Alishikilia kwamba gari jipya lisilifanye lililotangulia lionekane kuukuu. Itazame S-Class ya W126, ya 1979. Hakuna mstari unaokupigia kelele, na baada ya miaka zaidi ya 40 bado inaweza kusimama mbele ya hoteli yoyote bila kuomba radhi.

Chris Bangle, mkuu wa muundo wa BMW wakati huo, alikwenda njia nyingine. 7 Series ya 2001, E65, iliwaudhi watu hadi wakasaini ombi mtandaoni la kutaka afukuzwe. Mimi nilikuwa upande wa walioudhika, na kwa sehemu ya nyuma ya gari lile bado nipo. Lakini ni lile lile lililoleta iDrive, kitufe kimoja cha kuzungusha kinachoongoza skrini, na baadaye karibu kila chapa kubwa ikaja na yake. Kuwa mbele ya wakati hakukulifanya lipendeze.

Ila katika majuma haya nimegundua kwamba muundo unaonishughulisha zaidi hauonekani kwenye picha. Aliyeamua cheni ikae wapi naye ni mbunifu wa gari. Audi S4 ya 2003 iliwekewa V8 ya lita 4.2 ndani ya bodi ndogo, kazi ya kupendeza sana, sauti tamu sana, na cheni zake zote zikawekwa nyuma, upande wa giaboksi. Vishikizi vya cheni vilipochakaa, injini nzima ililazimika kutolewa. Uamuzi huo uliifanya injini iwe fupi na gari liwe na mizani nzuri siku ya kwanza. Ndio huo huo uliopeleka S4 nyingi kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Na skrini. Mwaka 2021 Mercedes ilizindua EQS yenye kioo kimoja cha hiari kinachotanda dashibodi nzima, sentimita 141. Nakubali kwamba usiku kinavutia. Lakini swichi ya W126 ikiharibika inabadilishwa swichi. Kioo cha sentimita 141 kikizimika mwaka wa 12, unabadilisha nini, na nani bado anakitengeneza? Nimefurahi kuona Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wameingiza kwenye vigezo vyao vya 2026 vifungo halisi kwa vitu kama indiketa, honi na waipa. Wao wanafikiria macho ya dereva. Mimi nafikiria pia mwaka wa 12.

## Bei iliyoshuka na bei isiyoshuka

Gari kubwa la saluni la Kijerumani mara nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya bei yake ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Mnunuzi wa pili huona bahati. Wa tatu huona muujiza.

Lakini kilichoshuka ni bei ya kulinunua. Bei ya kulimiliki imebaki pale ilipokuwa gari likiwa jipya, kwa sababu shokapu, tabo, breki na sensa zake zilipangiwa bei kwa ajili ya mtu aliyeweza kulinunua jipya. Soko linalijua hilo, na ndiyo maana bei imeshuka. Upungufu ule ni matengenezo yajayo ambayo muuzaji ameamua kukuachia uyalipe wewe.

Jambo lililonikasirisha kweli ni oili. Chapa kadhaa zimekuwa zikisema oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari, haibadilishwi. ZF, wanaozitengeneza giaboksi zenyewe, wanapendekeza ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000, au miaka 8. Wote wawili hawawezi kuwa wanazungumzia maisha yale yale. Vivyo hivyo oili ya injini: kwa magari kadhaa ya Ulaya mwenye gari aliruhusiwa kukaa hadi kilomita 30,000 au miaka 2 kabla ya kumwaga oili. Mmiliki wa kwanza, ambaye mara nyingi gari ni la kampuni au la mkataba wa miaka 3, anapata sevisi chache na hesabu nzuri. Uchafu unabaki ndani, ukimsubiri mtu ambaye bado hajulikani jina.

Kwa hiyo naliona kama suala la haki kidogo. Magari haya yanabuniwa, yanapimwa na kusifiwa kwa ajili ya mtu wa kwanza, wakati sehemu kubwa ya maisha yao yanaishi mikononi mwa wa pili na wa tatu, watu ambao hakuna fomu ya utafiti inayowafikia.

## Ningepanga hivi

Kwa mtu wa tatu, ambaye gari likilala asubuhi anaumia kweli, ningesema Lexus yenye injini isiyo na tabo na shokapu za kawaida: ES au GS yenye V6 ya lita 3.5, au LS ya zamani yenye kumbukumbu za taimingi belti. Ningesema hivyo bila kusita.

Kisha BMW yenye B58, kwa sharti la karatasi za sevisi zinazoonyesha oili ilibadilishwa mapema kuliko kitabu kilivyosema. Bila karatasi, hapana. Na hapa moyo wangu unavuta upande, kwa sababu hakuna Lexus niliyoiendesha iliyowahi kunipa mikononi kile ambacho 5 Series ya E39 hunipa kwenye kona. Raha hiyo ni sehemu ya thamani. Orodha za uimara haziihesabu, na sitajifanya kwamba haipo.

Mercedes ningeichukua kwa injini na mwaka, si kwa nyota. Audi vivyo hivyo, na ningeuliza kwanza cheni iko upande gani.

Range Rover ni ya mwenye akiba ya matengenezo iliyotengwa pembeni kabla ya kununua. Hakuna gari ninalopenda zaidi kulitazama likipita. Kwa asiye na akiba hiyo, siwezi kulipendekeza.

## Yasiyo na cheni

Kuna watakaosema mjadala huu unakufa, kwa sababu magari ya kifahari yanaenda kwenye umeme. Ni kweli gari la umeme halina cheni ya taimingi, halina oili ya injini, halina tabo katikati ya V. Nusu ya maumivu niliyoyaeleza hapa yanaondoka nalo.

Lakini betri kwa kawaida huja na dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, na saluni kubwa za umeme zimeshaonyesha kwamba zinaweza kushuka bei kwa kasi kuliko hata ndugu zao wa petroli. Halafu kuna programu. Gari la 1989 halikuhitaji idhini ya mtu kuendelea kuwa gari. La leo hupokea masasisho kutoka kwa kiwanda, na sijaona chapa ya kifahari inayotangaza waziwazi kwamba itaendelea kuyatuma hadi mwaka wa 15. Ningependa kuiona ahadi hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya mauzo, chini ya nguvu ya mota na umbali wa chaji. Mpaka magari hayo yafike kwa wingi mikononi mwa watu wa tatu, nafasi ya kwanza kwenye orodha yangu ya umeme nimeiacha wazi.